Siagi ya Mama Haisimami Juani

Siagi ya mama yangu niliila mimi. Niliila na viazi vitamu, niliila na mkate, na siku moja ambayo sipendi kuikumbuka niliila kwa kijiko, nimesimama mbele ya jokofu lililo wazi kama mwizi anayejua kwamba mwenye nyumba amesafiri. Kwa miaka tisa nimelikana jambo hili. Nimelikana mbele ya mdogo wangu aliyeniuliza uso kwa uso, na mbele ya daktari wangu wa Bunda aliyenikataza mafuta, ambaye nilimwambia kwamba mimi na siagi tulishaachana. Tena nimelikana kwa maandishi. Kwa mtu wa kazi yangu, ya kuandika magazetini, hilo ni baya zaidi, kwa sababu maneno ya mdomoni hupeperuka lakini makala hubaki.

Siagi yenyewe haikuletwa kwangu niile. Ililetwa nipambe keki.

Mama anaishi Butiama, kwenye mji ule ule aliomwachia baba, na ng'ombe wake ni wale wa kienyeji wenye nundu, ambao maziwa yao hayajai ndoo lakini ni mazito. Anayagandisha kwenye kibuyu alichokifukiza moshi, halafu anaketi kwenye kigoda na kukitikisa pajani mpaka mkono umwambie kwamba siagi imeshajitenga. Siagi hiyo ni ya njano, ina harufu ya moshi kwa mbali, na haijawahi kukaa kwenye karatasi ya dukani. Kila panapokuwa na sherehe katika ukoo wetu, kipaimara, ndoa, ubatizo, anaijaza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa bluu, anampa dereva wa gari la asubuhi, na kopo linafika Bunda likiwa limefungwa kwa kipande cha khanga. Kisha simu inalia.

"Umelipata?"

"Nimelipata mama."

"Upake hiyo. Keki ya mtoto wa mji huu haipakwi vitu vya dukani."

Keki zote za ukoo ziliangukia kwangu kwa kosa langu mwenyewe. Nilipochoka kusahihisha insha za watoto wa watu nilijiandikisha kozi ya wiki tatu mjini Musoma, nikajifunza kuoka na kupamba, nikarudi na cheti. Katika ukoo wenye shahada mbili tatu, hiki cheti ndicho pekee kilichowahi kumfurahisha mtu yeyote.

Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa sendofu ya mdogo wangu. Kopo likaja. Nikaamka mapema, nikaipiga siagi na sukari ya unga mpaka ikawa laini kama hotuba ya mgombea, nikaipaka keki ya ngazi tatu, nikaipamba maua. Saa nne asubuhi bati la paa la jiko langu lilianza kulia ta, ta, kama linavyolia likishika moto, na ngazi ya juu ikaanza kuhama. Sisemi iliyeyuka. Ilihama, polepole, kwa heshima, kama mgeni anayesogea mwisho wa benchi ili na wengine wakae. Kufikia saa tano maua yote yalikuwa kwenye sinia.

Nililia dakika kama tano. Kisha nikakimbia duka la jirani nikanunua mafuta ya mgando, haya haya meupe ya kukaangia maandazi, ambayo yanakaa rafuni mwaka mzima bila kubadili sura. Nikaikwangua keki, nikayapiga mafuta na sukari, nikatia maziwa ya unga kuondoa ule utelezi unaong'ang'ania juu ya ulimi, chumvi kidogo, vanila, maji ya limao. Nikapaka. Keki ile ilisafiri hadi Butiama, ikasimama nje kuanzia saa saba mpaka jua linazama, na hakuna ua hata moja lililoinama.

Mama akaomba kipaza sauti. Haikuwa kwenye ratiba.

"Mnaiona hiyo keki?" akasema. "Hiyo ni siagi ya ng'ombe zangu. Jua lote hili, mmeona imetikisika?"

Watu wakapiga vigelegele. Mdogo wangu akaniinamia sikioni, akiwa bado amejifunika mtandio wake wa bibi harusi mtarajiwa. "Dada, mbona nyeupe? Siagi ya mama si ya njano?"

"Ukiipiga sana na sukari inapauka," nikamwambia.

Hilo ni kweli kabisa, kwa kiasi. Muulizeni mpishi yeyote. Siagi ikipigwa sana hupauka. Uongo mwingine unakufa wiki ile ile kwa sababu hauna hata mguu mmoja wa ukweli wa kusimamia. Wangu ulikuwa na mguu, kwa hiyo ukatembea miaka tisa.

Kopo lilibaki kwenye jokofu. Nilikusudia kweli kufanya nalo jambo la maana. Jumatatu nikachemsha viazi.

Baada ya hapo mambo yakawa na utaratibu wake. Kopo linakuja, mimi nakwenda dukani. Nilipamba keki ya harusi kule Murangi, ambako wadudu wa ziwani walikuja kama wingu wakanasa kwenye krimu mpaka keki ikaonekana imenyunyiziwa pilipili manga, lakini krimu yenyewe haikusogea. Nilipamba ya kipaimara Bukima, kwenye upepo uliong'oa turubai, na keki ikabaki imesimama peke yake kama mnara. Kila mara mama alikuwepo, na kila mara alisema maneno machache kuhusu ng'ombe zake. Akawa maarufu. Wanawake wa kigango chake walianza kumwita Mama Siagi, naye akawa anajifanya hapendi.

Nami, badala ya kunyamaza kama mwizi mwenye akili, nikaandika makala. Ilikuwa makala ndefu kuhusu tunavyodharau vyakula vya nyumbani na kukimbilia vya viwandani. Nilimtaja mama bila jina, nikaeleza kibuyu, nikaeleza moshi, na katika aya ya mwisho nikaandika kwamba siagi hii ya mwanamke wa kijijini inasimama juani kuliko chochote kilichowahi kutoka kiwandani. Nilikuwa naandika kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa na kiazi.

Mwaka huu, kiangazi cha mwezi wa pili, mama akapiga simu bila kutuma kopo. Hiyo peke yake ilinitia wasiwasi.

"Katekista anastaafu," akasema.

Katekista wa kigango chetu ndiye aliyenifundisha mimi, na kabla yangu alimfundisha kaka yangu, na nadhani ameshafundisha watoto wa watoto tuliosoma nao. Nikasema anastahili sherehe.

"Ndiyo. Tumekaa kikao. Wanawake wamesema keki isinunuliwe, tuipambe wenyewe, kwa mikono yetu. Nimewaambia siagi natoa mimi. Yote."

"Sawa mama."

"Na wewe uje uwafundishe jinsi unavyofanyaga."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimejenga. Kama nikiwafundisha ninavyofanyaga, mama angeonekana muongo wa miaka tisa kwa ajili yangu. Kama nikiwafundisha kwa siagi yake, keki ya Katekista ingehama kwenye sinia mbele ya watu wote, na mama angeketi palepale mstari wa mbele, na gauni lake la sikukuu, akiangalia. Nilikuwa na wiki mbili za kupata njia ya tatu. Nilijiambia kwamba mimi ni msomi, na msomi hashindwi na siagi.

Nilishindwa na siagi. Nilimwomba kopo la majaribio, akatuma mawili. Nikaligandisha la kwanza usiku kucha ili nianze kazi na siagi ngumu kama jiwe, umeme ukakatika, asubuhi nikakuta supu. Nikayeyusha robo ya lililobaki, nikaichuja ikawa samli, nikidhani ukiondoa maji utaondoa matatizo. Samli ikapoa ikawa na chengachenga, na krimu yake ikafanana na mchanga wa mtoni. Nikapika uji mzito wa ngano na maziwa, nikaupoza kabisa, nikauchanganya na siagi kijiko kwa kijiko kama nilivyofundishwa. Hiyo ndiyo iliyonitia tamaa. Ilisimama saa tatu, ikasimama saa nne, nikaanza kutunga sentensi za ushindi. Saa tano na robo ikaachia yote kwa mkupuo. Nikapiga ute wa mayai na shira ya moto, ukasimama vizuri sana, mweupe, unameremeta, mpaka nilipotia siagi. Nikatia wanga wa mahindi mwingi. Ikasimama vizuri kuliko zote, na ilikuwa na ladha ya dawa ya kiungulia.

Jasho lilinitoka mpaka miwani ikawa inateleza. Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba baada ya kila jaribio jiko zima lilinukia vizuri. Siagi ile haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inafanya kazi yake. Siagi kazi yake ni kuyeyuka, na kwa miaka tisa nilikuwa nimeshuhudia kwa mdomo wangu jinsi inavyoijua kazi hiyo.

Nikaenda Musoma, kwenye duka la vifaa vya keki. Mwenye duka ni dada mmoja mwenye miwani shingoni ambaye hajawahi kunipunguzia kitu lakini hunipa ushauri bila kuombwa. Nikamweleza, nikijifanya ni tatizo la rafiki yangu.

"Huyo rafiki yako anataka isimame mpaka saa ngapi?"

"Misa saa nne. Keki inakatwa saa tisa."

"Ndani au nje?"

"Chini ya turubai."

"La bluu?"

"La bluu."

"Hilo si kivuli, hilo ni oveni yenye kamba." Akavaa miwani ili anione vizuri. "Dada, siagi inayeyuka kiganjani, itashindwaje kuyeyuka juani? Siagi utie ndani ya keki, kwenye kinyunga chenyewe. Nje paka mafuta. Mbona jambo dogo?"

"Si jambo dogo. Ni mama yangu."

"Aa," akasema, akavua miwani. "Hilo sina dukani."

Alhamisi kabla ya Jumapili ya sherehe nikafika Butiama na keki ya mazoezi, mashine yangu ya kupigia krimu, na mkoba mkubwa. Chini kabisa mkobani, ndani ya khanga mbili, kulikuwa na kilo mbili za mafuta ya mgando. Msomi alikuwa amefikia hapo. Nilipanga kwamba mama akienda kuwaangalia ng'ombe nitabadilisha beseni haraka, niwafundishe wanawake kwa mafuta huku wakidhani ni siagi, na uongo wangu uendelee na safari zake kwa amani.

Sikumhesabu Mama Mwenyekiti. Huyu ni mwenyekiti wa wanawake wa kigango, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Aliniita Profesa tangu nilipomaliza chuo kikuu, na anajua vizuri kwamba mimi si profesa, ndiyo maana ananiita hivyo. Aliketi kwenye kigoda kando ya beseni, magoti yakiligusa, na hakuondoka. Mama alikwenda kwa ng'ombe, akarudi. Mama Mwenyekiti yupo. Nikasema labda tupumzike kidogo, watu wakanywe chai. Chai ikaletwa hapo hapo.

"Profesa, hiyo khanga kwenye mkoba mbona imekaa kama imebeba mtoto?"

"Ni za kubadilisha, mama."

"Mbili? Unalala?"

Wanawake wakacheka. Nikafungua kopo la mfuniko wa bluu na kuanza kupiga siagi ya mama mbele ya macho kumi na manne. Ikapauka kweli kidogo, nikawaonyesha, wakasema "ehee." Nikapaka keki, nikaweka maua manane juu. Ilipendeza. Nikaanza kukusanya vyombo upesi.

"Sasa tuiweke juani," akasema Mama Mwenyekiti. "Kama siku yenyewe. Tusijidanganye."

Wakaiweka kwenye stuli katikati ya uwanja. Wakaketi kivulini mwa ghala kuiangalia, kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Mimi niliangalia miguu yangu. Nilijua saa bila kutazama saa. Ua la kwanza likainama, kama mtu anayesinzia kwenye mahubiri. La pili likamfuata. Kisha upande mzima ulioelekea jua ukaachia, ukateremka stuli, na kuku wawili wakaja mbio.

"Profesa," akasema Mama Mwenyekiti, "hii tunakata au tunakunywa?"

"Katekista tumpe na mrija!" akadakia mwingine. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Sikuwalaumu. Ningekuwa sihusiki ningecheka zaidi yao.

Mama hakucheka. Alisimama, akawafukuza kuku, akaitazama ile stuli kwa muda.

"Ni ng'ombe zangu," akasema. "Kiangazi hiki hazijala vizuri. Siagi imekuwa nyepesi."

Mama Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, akasema kwa sauti ya chini kuliko nilivyodhani anayo, "Usijali mama. Tutaagiza keki Musoma. Wewe utaleta maziwa ya chai."

Maziwa ya chai. Mama Siagi ataleta maziwa ya chai. Nimesikia matusi mengi maishani, mengine yameandikwa chini ya makala zangu na watu wasiotaja majina, lakini hakuna lililonichoma kama huruma ile. Na zaidi ya huruma, yale maneno ya mama mwenyewe. Miaka tisa aliwasifu wale ng'ombe mbele ya watu. Leo alikuwa anawasingizia, kwa sababu mimi nilikaa kimya na khanga zangu mbili.

Wanawake walipoondoka nilimkuta anaosha beseni nyuma ya jiko. Nikasema kabla sijaanza kutafuta sentensi nzuri.

"Mama, ng'ombe hawana kosa. Siagi yako haijawahi kupakwa nje ya keki hata moja. Huwa napaka mafuta ya kukaangia."

Aliendelea kuosha. "Ya mdogo wako?"

"Mafuta."

"Ya Murangi?"

"Mafuta, mama."

"Ile ya Bukima, upepo?"

Akazipitia zote, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio, bila kuruka hata ya ubatizo wa pacha. Ilikuwa kama litania, ila mahali pa "utuombee" mimi nilijibu "mafuta." Alipofika mwisho akainua kichwa.

"Na siagi yangu ilikwenda wapi?"

Hapa ndipo ningemaliza kila kitu. Lakini nilikuwa nimeshamweleza kila mtu kuhusu daktari. Mama mwenyewe alikuwa ananipikia mboga pembeni, bila mafuta, kila nikija. Mwanamke wa umri wangu, mwenye nywele nyeupe anazopaka rangi, nisimame nyuma ya jiko niseme nilikuwa naiba siagi na kuila kwa kijiko?

"Niliitumia kwenye mambo mengine," nikasema.

"Mambo mengine."

Akamwaga maji ya beseni. Akachukua kibuyu chake, akakipindua juu ya kigingi cha uzio, mdomo chini, kama anavyofanya ng'ombe wanapokuwa wamekauka na hana kazi nacho tena. Kisha akaniitia dereva.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nimeongea na Mwenyekiti. Nimemwambia keki itoke kwako, ngumu, ya mafuta. Siagi nimemwambia itaingia ndani. Inaweza?"

"Inaweza mama. Hata mwenye duka Musoma alisema..."

"Kopo lipo kwa dereva. Liingie lote. Lisibaki hata la kulamba."

"Litaingia lote."

"Jumapili tuma keki. Wewe usije."

"Nisije?"

"Tuma keki."

Nilioka Jumamosi. Nilitia kopo zima, nikakwangua pembe zake kwa mwiko, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa sikulamba mwiko. Keki ilitoka na rangi ya dhahabu, nzito, ina ule moshi wa mbali. Nje nikapaka mafuta yangu meupe, safu nyembamba kwanza, nikaiacha ishike, kisha nene juu yake, na maua nikayafanya machache, kwa sababu sikuwa na moyo wa maua. Nikafunga boksi. Jumapili alfajiri nikamkabidhi dereva, nikamwambia aipakate. Akaniuliza kwa nini siendi. Nikasema nina kazi.

Sikuwa na kazi yoyote. Nilikwenda misa ya kwanza hapa Bunda na sikumbuki somo. Nikarudi nikakaa na simu mezani. Saa nne nikasema sasa wanaanza. Saa saba bati bado lilikuwa linalia, ta, ta, nikawaza lile turubai la bluu. Nikajaribu kusoma. Nikafungua ile makala yangu kuhusu siagi nikaisoma mpaka aya ya mwisho, nikatamani ningekuwa mtu wa kushona vitambaa. Saa tisa simu haikulia. Saa tisa na nusu haikulia. Nikaanza kumlaumu dereva ndani ya moyo wangu, kwa mazoea.

Ililia saa kumi na dakika kadhaa. Nyuma ya sauti ya mama nilisikia ngoma na watoto.

"Imesimama," akasema.

"Yote?"

"Yote. Hata ua. Nimepewa kipaza sauti."

"Ulikiomba?"

"Nilikiomba. Nimewaambia nje ni mafuta ya dukani, kwa sababu ya jua, na ng'ombe hawana kosa. Nimewaambia ndani ndiyo siagi yangu, waile waone. Katekista amekula. Mwenyekiti wako amekula vipande vitatu, cha tatu amekifunga kwenye kitambaa anasema ni cha mgonjwa. Hana mgonjwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasikia anatembea, ngoma ikabaki mbali, mlango ukafungwa.

"Sasa nikuulize kitu. Usinijibu kama unaandika."

"Uliza mama."

"Makopo yale yote. Ulikuwaga unamwaga?"

"Kumwaga?"

"Tangu Alhamisi nawaza. Watu wa mjini hawapendagi harufu ya kibuyu. Nimeshamwona mtu ananusa maziwa yangu anageuza uso. Nikasema, huyu naye alikuwaga anaona aibu, anamwaga nyuma ya nyumba, ananificha nisiumie. Kama ulimwaga sema. Nitaacha kukusumbua na makopo."

Sikujua kwamba hilo ndilo lililokipindua kibuyu. Nilidhani ananichukia kwa uongo. Kumbe siku tatu zote alikuwa anaiona siagi yake nyuma ya nyumba yangu, kwenye majani.

"Nilikula mama."

"Ulikula?"

"Yote. Makopo yote. Sijawahi kumwaga hata kijiko."

"Na daktari?"

"Daktari hajui."

Nikasikia anavuta kigoda.

"Ulikuwaga unakula na nini?"

"Viazi vitamu."

"Vyeupe au vya njano?"

"Vya njano."

"Chumvi?"

"Kidogo. Na siku nyingine..." Nikashusha sauti. "Siku nyingine na kijiko tu. Nimesimama."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka kwa muda mrefu, kile kicheko chake cha puani, mpaka nikasikia mtu anafungua mlango kumuuliza kuna nini, naye akamfukuza.

"Jumatano dereva atapita na kopo," akasema. "Hilo usilipake kwenye kitu chochote."